Pipa, shimo, kabaidi au dawa ya maji: njia ipi ya kuivisha matunda inafaa Goma?

Ukishuka bandari ya Kituku alfajiri, wakati maboti ya Idjwi na Minova yanapakua, karibu kila tunda utakaloliona ni la kijani: mikungu ya ndizi, makapu ya avoka, mapapai magumu yaliyofunikwa majani. Ni sawa kabisa. Tunda bivu halivumilii kubanwa chini ya magunia ya mihogo ziwani, wala kutikiswa kwenye barabara ya Sake. Kazi ya kuivisha inabaki mjini, mikononi mwa mama anayeuza rejareja, mwenye kibanda cha juisi, au mtu aliyenunua mkungu mzima kwa ajili ya watoto wake. Wote wanataka kitu kimoja: matunda yaive pamoja, siku waliyoikusudia, na yawe na utamu wake.

Njia zilizopo ni nne. Unaweza kufungia matunda kwenye pipa, kartoni au gunia pamoja na tunda bivu. Unaweza kuyazika kwenye shimo lenye majani na joto la moto. Kuna kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Na kuna etefoni, dawa ya maji inayotumika mashambani. Njia hizi hazilingani kwa usalama wala kwa utamu, na hapa Goma, kwa jinsi ardhi na hali ya hewa yetu zilivyo, tofauti kati yake inakuwa kubwa zaidi. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu wa Goma pipa linazishinda nyingine zote, na kabaidi haifai kukaribia chakula. Ila nataka sababu zieleweke, kwa kuwa asiyejua sababu huiendea kabaidi siku wateja wanapomzonga.

Je, tunda lenyewe linaivishika?

Swali hili linatangulia yote. Matunda yako makundi mawili. La kwanza huendelea kuiva baada ya kuchumwa: ndizi, makemba (ndizi za kupika), avoka (wengine huita parachichi), embe, papai, nyanya, pera, marakuja (pasheni). Yakishakomaa, pumzi yake hupanda ghafla, wanga hugeuka sukari, nyama hulainika na harufu hutoka. Kundi la pili ni chungwa, limau, mandarini, nanasi, zabibu, stroberi na tikiti maji. Haya huacha kuongeza utamu siku yanapokatwa. Ganda linaweza kubadilika rangi na nyama ikalegea, lakini sukari haizidi ile iliyokuwemo.

Kwa hiyo nanasi la Idjwi lililokatwa changa halina dawa. Liweke kwenye pipa, lifukize, lilaze juani, litapata manjano kidogo kwa nje na kubaki kali vilevile, kwa sababu halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari. Mwambie muuzaji akuonyeshe kitako, kinuse, na kama hakinukii, liache. Mmea wa nanasi wenyewe, hata hivyo, unaitikia gesi ya kuivisha ukiwa bado shambani, lakini kwa kutoa ua. Wakulima wa visiwa vya Azores waliligundua hilo katika karne ya 19, walipoona moshi unafanya mananasi yachanue kwa wakati mmoja. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi mkulima humimina maji ya kabaidi kwenye kiini cha mmea miezi mingi kabla ya mavuno. Hilo ni suala la ua, na halina uhusiano na kuivisha tunda lililokwisha kukatwa.

Hata katika kundi la kwanza kuna sharti la ukomavu. Kidole cha ndizi changa kina kingo kali ukikipitishia gumba. Kilichokomaa kimejaa na kingo zimelala. Avoka ni ngumu zaidi kuihukumu kwa macho, maana haiivi kabisa ikiwa mtini. Inaweza kuning'inia miezi, ikizidi kujaa mafuta, na kulainika kwake huanza tu baada ya kutenganishwa na mti. Basi kabla ya kununua kapu zima, omba moja ipasuliwe. Tazama ngozi inayofunika kokwa. Ikiwa nene, nyeupe au ya manjano hafifu, na imeshikamana na nyama, avoka hizo ni changa na zitasinyaa na kuwa kama mpira. Ikiwa nyembamba, kavu, ya kahawia iliyokolea, kapu hilo litaiva vizuri kwa njia yoyote utakayochagua. Sekunde chache za kisu zinaokoa mtaji wa juma zima.

Kinachofanya kazi ndani ya njia zote nne

Gesi inayoivisha inaitwa ethilini. Ni molekuli ndogo sana, kaboni mbili na haidrojeni nne. Mwaka 1901 huko St. Petersburg, Dimitry Neljubow aligundua kwamba miche yake ya njegere ilikuwa ikipinda na kutambaa kwa sababu ya ethilini iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye gesi ya taa. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tofaa bivu hutengeneza gesi hiyo lenyewe. Tangu hapo wataalamu wakakubali kwamba ethilini ni homoni ya mmea, yaani mmea unaitumia kupeleka amri ndani ya mwili wake, na kwa kuwa ni gesi, amri hiyo inavuka hadi kwa tunda la jirani.

Tunda huanza na methionini, mojawapo ya vipande vinavyojenga protini, na kuigeuza kuwa kitu kinachofupishwa ACC. Kisha ACC inageuzwa ethilini. Njia hiyo ilifafanuliwa na Shang Fa Yang na wenzake, na hatua yake kubwa ilijulikana mwaka 1979. Kila hatua ina kimeng'enya chake, na kila kimeng'enya kina jeni zake. Hatua ya mwisho haiwezekani bila oksijeni. Lishike hilo, kwa kuwa ndilo linaloamua kama pipa lako litafanya kazi au litanuka pombe.

Kwenye seli kuna vipokezi vya ethilini, vyenye shaba ndani yake. Jeni ya kipokezi cha kwanza kujulikana, ETR1, ilielezwa mwaka 1993 katika kimmea kidogo cha jamii ya haradali kiitwacho Arabidopsis. Vipokezi hivi hufanya kazi wakati ethilini haipo, vikizuia uivaji kama mlinzi aliyesimama langoni. Ethilini ikimfikia mlinzi, anaacha kuzuia, na jeni za uivaji zinaamka: za kuvunja pektini inayoshikilia kuta za seli, za kugeuza wanga, za kuondoa klorofili, za kutengeneza rangi na harufu.

Tunda changa hutoa ethilini kidogo, na ikiongezeka linajizuia lenyewe. Likikomaa mwendo hugeuka: ethilini kidogo inaamsha jeni za kutengeneza ethilini nyingi zaidi. Ndiyo maana tunda moja bivu linaweza kuamsha pipa zima la matunda yaliyokomaa, na ndiyo maana hakuna gesi duniani itakayolipa tunda changa utamu ambalo halijauweka akiba. Pipa, shimo, kabaidi na etefoni zote zinabisha hodi kwenye lango hilohilo. Zinatofautiana katika kile kingine zinachokuja nacho.

Pipa na shimo

Mji wetu uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na wastani wa joto lake ni karibu nyuzi 20. Vyumba vya kisasa vya kuivishia ndizi, vile vya makampuni makubwa, huwekwa kati ya nyuzi 14 na 18, vikapuliziwa ethilini sehemu 100 hadi 150 katika milioni ya hewa kwa siku moja au mbili. Yaani kile ambacho wengine wanakilipia umeme, Goma inakupa karibu bure, mradi stoo yako isiwe chini ya bati linalochomwa na jua la saa saba mchana. Joto likizidi, ndizi za jamii ya Cavendish hulainika ndani huku ganda likibaki la kijani, na mteja hawezi kukuamini ukimwambia zimeiva. Makemba hayana tabia hiyo; ganda lake hugeuka manjano hata kwenye joto.

Pipa zuri ni lile lililokuwa na chakula. Lililobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba usiliguse, hata likioshwa mara ngapi. Tenganisha mkungu kuwa vichane, acha utomvu ukauke, kisha pangilia vichane juu ya majani makavu ya mgomba au karatasi, vikunjo, yaani sehemu zilizokatwa kwenye mkungu, vikiangalia chini. Sasa inakuja ile mbegu ya kuamsha. Wengi hutia kichane kimoja cha ndizi bivu, na kinafaa. Lakini sisi wa Kivu tuna kitu bora zaidi, marakuja. Marakuja bivu, yale yenye ganda lililoanza kukunjamana, ni miongoni mwa matunda yanayotoa ethilini nyingi kupita mengine yote, mara nyingi zaidi ya ndizi. Machache tu, yaliyotawanywa kati ya vichane, yanatosha pipa, na ukimaliza bado unayakamua juisi.

Funika kwa kitambaa kizito au kifuniko kisichobana sana. Asubuhi na jioni fungua, pepea, funika tena. Matunda yanapumua: yanavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikizidi asilimia 1 inaanza kuchelewesha uivaji. Aliyefunga plastiki ikabana kabisa, akidhani anahifadhi nguvu, amekata oksijeni inayohitajika kutengeneza ethilini, na atakuta ndizi za kijani zenye harufu ya mbege.

Ukifunua siku ya pili, angalia ndani ya kifuniko. Kutakuwa na matone ya maji; yafute, maana yakidondokea vichane yanaleta ukungu. Harufu utakayoikuta bado si ya ndizi tamu, ni ya majani mabichi yaliyoanza kulegea. Kisha shika kidole kimoja na ukielekeze kwenye mwanga: kijani chake kitakuwa kimepauka, hasa katikati, ncha zikiwa bado zimekoza. Hapo amri imeshapokelewa. Toa vichane vyote, vipange mezani penye hewa, na vitamalizia vyenyewe. Ukivibakiza ndani kwa tamaa ya haraka, kile kikonyo kinachounganisha kidole na kichane kinalainika kupita kiasi, na vidole vinaanza kudondoka kimojakimoja mbele ya mteja. Kichane kilichodondoka vidole kinauzwa kwa bei ya huruma.

Shimo ni njia ya wazee wetu, na silidharau hata kidogo. Huko Bushi na Masisi ndivyo ndizi za kasiksi (pombe ya ndizi) zinavyoandaliwa: shimo linatandikwa majani ya mgomba, linapashwa moto, mikungu inaingizwa na kufukiwa mpaka ilainike ya kutosha kukamuliwa. Moshi una ethilini ndani yake. Wakulima wa malimau wa California walijifunza hilo kwa hasara: walikuwa wakigeuza malimau kuwa manjano katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, wakidhani ni joto linalofanya kazi, walipoleta majiko masafi yasiyo na moshi, malimau yakabaki ya kijani. Mwaka 1924 Frank Denny akaonyesha kwamba ethilini iliyomo kwenye moshi ndiyo iliyokuwa ikiondoa rangi ya kijani. Kwa wingi wa mzigo na kwa kazi ya kukamua, shimo halina mpinzani. Kwa ndizi za mezani linashindwa: ganda hutoka jeusi, vidole vimelegea, na ladha imebeba moshi.

Lakini hapa Goma shimo lina kasoro nzito zaidi ya ganda jeusi. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yakiwemo ya lava iliyomwagika Januari 2002 na kupita katikati ya mji, na ile ya Mei 2021. Kuchimba ni taabu, ila taabu ndiyo iliyo ndogo. Magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Lac Vert, kuna mazuku: hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini na kulala mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu, na imeua watu na mifugo. Shimo ulilochimba mwenyewe mahali pa chini linaweza kuikusanya usiku, na asubuhi mtoto akatumwa kuchungulia kama ndizi zimeiva. Nawasihi wazazi: msichimbe shimo la kuivishia katika maeneo hayo, hata la kina cha magoti. Hewa hiyohiyo, nilivyosema, inazuia uivaji, kwa hiyo hata ndizi zenyewe hazitanufaika.

Wanaohamishia moshi ndani ya nyumba, kwa kuweka mbabula (jiko la makaa) kwenye stoo iliyofungwa, wanaleta hatari nyingine mbili. Makaa kwenye chumba kisicho na hewa yanatoa monoksidi ya kaboni, inayoua aliyelala. Na katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana, kama Birere, cheche moja si jambo la nyumba moja.

Kabaidi

Sifa yake ni bei na wepesi. Inapatikana popote panapochomelewa vyuma, kipande kidogo kinafungwa kwenye karatasi na kuwekwa katikati ya kartoni, na unyevu wa matunda unakamilisha kazi. Kabaidi ya kalsiamu ikikutana na maji hutoa asetilini na chokaa. Asetilini inafanana kidogo na ethilini, kwa hiyo inamdanganya mlinzi, lakini kwa nguvu hafifu mno; ndiyo maana hutiwa nyingi.

Kasoro ya kwanza ni sumu. Kabaidi ya viwandani haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Ina mabaki ya aseniki na fosforasi, na inapolowa hutoa pia gesi za asini na fosfini, zote mbili za sumu. Anayeumia kwanza si mlaji, ni mama mwenyewe na watoto wanaolala chumba kimoja na makartoni, wanaovuta hewa hiyo usiku kucha, na mikono inayopanga matunda yenye vumbi la chokaa kali. Ya pili ni moto: asetilini inawaka hata ikiwa asilimia 2.5 tu ya hewa, na inaendelea kuwa ya kuwaka kwenye viwango vya juu sana. Stoo yenye kabaidi na mshumaa havipaswi kukutana.

Ya tatu ni utamu, na hapa hata asiyejali sumu anapaswa kusikiliza. Kabaidi hutumiwa zaidi kwenye matunda yaliyochumwa mapema, kwa sababu mwenye haraka ndiye anayeihitaji. Ganda linageuka haraka, wanga wa ndani haujapata muda. Ndizi ya namna hiyo mara nyingi ina manjano yaliyolingana pote kama rangi ya kupakwa, huku kikonyo kikiwa bado cha kijani kibichi. Ukiimenya, nyama inakatika badala ya kulegea, na ulimi unapata wanga. India imepiga marufuku kuivisha matunda kwa kabaidi, na si nchi hiyo peke yake. Ukiweka kabaidi kando ya marakuja matano, sioni hata eneo moja ambalo kabaidi inashinda, isipokuwa kuficha kwamba tunda ni changa.

Etefoni

Hii ni dawa ya kweli ya kilimo, na isichanganywe na kabaidi. Ni kimiminika chenye asidi. Kikiingia mahali ambapo asidi imepungua, kama ndani ya seli za mmea, kinavunjika na kutoa ethilini halisi pamoja na kloridi na fosfati. Mashamba ya mpira huitumia kuongeza utomvu, na mashamba ya mananasi kulinganisha maua. Kwa nguvu ya kuivisha iko mbele ya kabaidi kwa mbali.

Tatizo ni kipimo na namna ya kutumia. Kutumbukiza matunda kwenye beseni lenye etefoni iliyokadiriwa kwa kifuniko cha chupa kunaacha mabaki kwenye ganda, na asidi yake inaunguza macho na ngozi. India, baada ya kukataa kabaidi, iliruhusu gesi ya ethilini isiyozidi sehemu 100 katika milioni, na etefoni kama chanzo cha gesi tu, bila dawa kugusa tunda. Huo ni mpangilio wenye akili. Unahitaji chumba maalumu, vipimo, na chupa yenye lebo inayosomeka ambayo haikumiminwa kutoka dumu lisilojulikana. Chama cha wauzaji kinachoweza kujenga chumba kimoja cha pamoja kinaweza kuifikiria njia hii. Mama mmoja mwenye pipa moja hapati kwayo chochote ambacho marakuja hayampi.

Kuchuma, au kungoja lianguke?

Mwenye miti yake mwenyewe ana uchaguzi mwingine, nao unaendeshwa na homoni mbili zinazovutana. Tunda linalokua hutuma auksini kupitia kikonyo kwenda mtini. Auksini ikiendelea kupita, ule ukanda mwembamba wa seli kwenye kikonyo, mahali tunda litakapoachia, unabaki kiziwi kwa ethilini. Auksini ikipungua, kwa uzee, ukame, ugonjwa au jeraha la mdudu, ukanda unaisikia ethilini, vimeng'enya vinakula ukuta kati ya seli, na tunda linaachia. Hivyo avoka nyingi changa zinazoanguka baada ya maua si lazima uwe uchawi wa jirani. Mti unapunguza mzigo usioweza kuulisha.

Kwa marakuja, ngoja lianguke. Kuanguka ndiyo alama yake ya kuiva. Palizi nzuri chini ya mmea wake na kuokota kila siku vinakupa tunda bora kuliko la kukwanyua. Kwa avoka ni kinyume: lililoanguka limepondeka, na pondeko litaonekana jeusi siku mteja akilipasua. Kata kwa mkasi au kisu, uache kikonyo kifupi. Kikonyo kikinyofoka, kinaacha kitundu, na kuoza kwa avoka nyingi huanzia hapo. Papai likate linapoonyesha mstari wa kwanza wa manjano karibu na kitako. Kabla ya hapo ni mboga.

Jambo moja dogo kwa wenye meza za mchanganyiko: pipa la kuivishia lisikae jirani na kabichi na karoti. Ethilini inayotoka inafanya kabichi ziachie majani na kuwa za manjano, na karoti ziwe chungu.

Nyanya: hapa unachagua mbegu

Kwa nyanya uamuzi mkubwa unafanyika kitaluni. Aina za kawaida zinaiva haraka na zina ladha, ila hazingoji. Aina nyingi za kudumu zimetokana na badiliko la jeni liitwalo rin, lililotambuliwa kwa undani mwaka 2002. Nyanya yenye nakala mbili za rin haiwi nyekundu kamwe. Inabaki ya kijani na kuishia manjano. Ikiwa na nakala moja tu, inaiva polepole na kukaa muda mrefu, kwa gharama ya rangi na ladha kidogo. Hii ndiyo hubebwa na mbegu chotara. Mkulima akikamua mbegu za chotara huyo na kuzipanda tena, takriban mmea mmoja kati ya minne utazaa nyanya zisizoiva hata ukizizika kwenye marakuja. Kwa hiyo ukichagua aina hiyo, panga bajeti ya kununua mbegu kila msimu.

Badiliko la pili linahusu kuachia. Shika nyanya ya kawaida ikiwa kwenye shina, fuata kikonyo chake kwa vidole: katikati utakuta kifundo kilichovimba kidogo. Hapo ndipo inapokatikia, kwa hiyo nyanya inaondoka na kipande cha kikonyo na taji lake la majani. Ndani ya kikapu kirefu kinachotoka Rutshuru, kipande hicho kinatoboa nyanya ya jirani, na tundu moja linaozesha safu nzima. Aina zisizo na kifundo, ambazo jeni yake moja ilipatikana kwenye nyanya pori za visiwa vya Galápagos, zinaachana na kikonyo kabisa na kuingia kikapuni zikiwa laini pande zote.

Basi mwenye shamba la mbali na barabara mbovu atafute aina isiyo na kifundo, na apeleke kwenye makreti mafupi badala ya vikapu virefu. Anayenunua kwa wingi kutoka Rubavu na kuuza taratibu atapata faida kwenye aina ya kudumu. Na mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba, Himbi au Keshero, apande ya kawaida, aichume inapoonyesha wekundu wa kwanza kitakoni, na kuiacha imalizie kwenye sahani jikoni. Kufikia hatua hiyo jeni zake za uivaji zimeshaamka, na ladha inayopotea kwa kuichuma mapema hivyo ni ndogo sana.